Shangazi na Moyo wa Mzee Kaduma

Shangazi alianza kukataa vali nzuri siku ya Jumanne, muda mfupi baada ya sala ya asubuhi. Mpaka kengele ya chai ilipolia, kreti la vali zilizokataliwa lilikuwa limefurika, na la zilizokubaliwa lilikuwa na vali chache tu chini, kama dagaa kwenye sufuria ya mgeni asiyetakiwa.

Atuganile Sanga, mkaguzi wa zamu, alichukua vali moja iliyokataliwa akaipeleka kwenye kipimo cha zamani, kile chenye ncha ya chuma. Ncha ilitembea juu ya mdomo wa vali, ikarudi, na mshale wa kipimo ukatulia palepale panapotakiwa. Vali haikuwa na kasoro. Ila sasa ilikuwa na mkwaruzo mwembamba wa ile ncha, na vali ya mashine ya kupumulia wagonjwa ikishakwaruzwa huvujisha hewa. Aliitupa kwenye pipa la chakavu.

Ndiyo sababu kiwanda kilimnunua Shangazi. Yeye hakugusa kitu. Alikuwa kichwa cha leza ndani ya kibanda cha kioo katikati ya ukumbi. Aliimulika kila vali iliyopita chini yake, akausoma mwanga uliorudi, na aliweza kuona bonde au kilima chembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Wafanyakazi walimpa jina hilo wiki ya kwanza. Walisema ana tabia za shangazi aliyekuja kukagua nyumba ya mke wa mpwa wake: hashiki kitu, hasemi neno, na hakuna asichokiona.

"Shangazi ameamka vibaya leo," alisema Lutengano kutoka kwenye mashine yake ya kung'arisha. Lutengano Mwalongo alikuwa na mikono ya ustadi na mdomo usio na mlango. "Nani amemsalimia bila kupiga goti?"

"Wewe ng'arisha," alisema Atuganile.

"Nang'arisha nini, dada, kama zote anazirudisha? Nitang'arisha mpaka vali iishe, nibaki na kitambaa."

Injinia Mwanahawa Shomari, meneja wa uzalishaji, alishuka kutoka ofisini huku miwani ikiwa imepandishwa kichwani. Alitazama kreti moja, akatazama la pili.

"Hospitali zinazisubiri hizi vali, Atuganile. Tatizo ni nini?"

"Vali ni nzuri, injinia. Shangazi ndiye anayetetemeka."

"Basi mtulize. Kesho mchana lori linakuja, na sitaki liondoke tupu."

Kutetemeka ndiko kulikokuwa adui wa Shangazi. Macho yanayoona padogo kiasi kile husumbuliwa na kila kitu: treni inayoingia stesheni ya Makambako, gari la foko linaloinua mzigo, hata mlango ukibamizwa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, aliachwa ausikilize ukumbi. Chochote alichokisikia katika utulivu ule alikihesabu kuwa ni kelele za nyumba, na siku nzima alikitoa katika vipimo vyake. Kitabu cha maelekezo kilitaka ukumbi uwe mtupu wakati huo.

Waliokiandika hawakuijua Makambako. Asubuhi za huko upepo huja na baridi ya kupasua midomo, na katika kiwanda kile hapakuwa na mtu ambaye angewasha mashine kabla ya kumkabidhi Mungu mikono yake. Kwa hiyo walisali ndani. Walikizunguka kibanda cha kioo kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi, wakashikana mikono. Leo akaomba Mkristo, kesho Mwislamu, na wote wakaitikia amina. Utulivu ulikuwa mmoja tu, na Mungu na Shangazi waligawana.

*

Wenzake walipokwenda kula, Atuganile alibaki. Alizima mashine moja baada ya nyingine na kutazama skrini, ambako mstari mmoja wa kijani ulionyesha mtetemo ambao Shangazi alishindwa kuuelewa. Mashine ya mwisho ilipozimwa, mstari ulikuwa umelala kama maji ya mtungini. Akaziwasha zote tena. Mstari uliendelea kulala.

Basi haikuwa mashine. Haikuwa jengo wala treni. Kulikuwa na kitu kilichotoka kwenda kula.

Alifungua kumbukumbu ya kelele, mahali ambapo hakuwa na sababu ya kupafungua kabla ya siku ile. Alitarajia kukuta mvumo wa taa na feni. Aliukuta, na chini yake akakuta kitu kingine: midundo midogo midogo, mingi, kila mmoja na mwendo wake. Mmoja wa haraka. Mmoja mzito na wa taratibu. Aliitazama kwa muda kabla ya kuelewa, na alipoelewa aliondoa mkono wake kwenye meza kana kwamba amegusa jiko.

Moyo ukipiga, mwili hutikisika kidogo. Mwili hutikisa miguu, na miguu hutikisa sakafu. Asubuhi baada ya asubuhi, watu wale wakiwa wamefumba macho, Shangazi alikuwa amejifunza mioyo yao na kuihesabu miongoni mwa kelele za nyumba. Aliujua wa kila mmoja, ili apate kuusahau. Na sasa kulikuwa na moyo mmoja ambao haukufanana tena na ule aliojifunza.

Wafanyakazi walianza kurudi kutoka kantini. Atuganile hakutaka kutazama, na alitazama. Wa kwanza alipita, mstari ukalala. Lutengano alipita akichokonoa meno, mstari ukalala. Kisha Mzee Ezekia Kaduma, mkerezaji wa vyuma, aliingia polepole, akasimama kwenye mashine yake, na mstari ukaamka.

Ulipiga, ukapiga, ukaacha. Katika lile pengo mtu angeweza kutamka "Baba yetu uliye mbinguni" bila haraka. Kisha ulirudi mbio, kama mtu aliyechelewa kazini, na baada ya muda ukaacha tena.

Atuganile hakuwa daktari. Lakini hata asiyejua kusoma hujua mlango ukiwa wazi.

Chini ya mstari kulikuwa na kitufe chenye maneno mawili: Jifunze upya. Akikibonyeza asubuhi, wakati wa sala, Shangazi angejifunza mara moja, bila kungoja asubuhi nyingi, na ule mwendo mpya wenye mapengo, angeuhesabu kuwa kelele, na vali zingepita. Lori lingeondoka limejaa. Hakuna ambaye angejua, na hiyo ndiyo kazi aliyoagizwa. Isitoshe, ndiyo iliyokuwa halali.

Maana ukutani, pembeni ya kibanda, kulikuwa na bango la mkataba wa wafanyakazi, na kifungu cha kwanza kilisema: Hakuna chombo kitakachoupima mwili wa mfanyakazi. Na kikiupima kwa bahati mbaya, aliyeona asiseme, si kwa mwingine, wala kwa mwenyewe.

Aliyekiandika kifungu hicho alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama chao, na jina lake lilikuwa Ezekia Kaduma.

*

Alimpata nyuma ya jengo, kwenye mabomba ya kunawia, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kikombe cha chai kikipoa mkononi.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, Atu. Shangazi amesemaje?"

"Bado amenuna." Alijifanya anaosha mikono. "Mzee, siku hizi unakaa sana. Zamani ulikuwa unakunywa chai umesimama."

"Zamani nilikuwa na magoti."

"Magoti tu?"

"Na kizunguzungu kidogo nikiinama. Umri huo. Mke wangu anasema ni ubishi umenipanda kichwani, sasa unatafuta pa kutokea."

"Ungepita hospitali ukapime. Hata presha tu."

Mzee Kaduma alikishusha kikombe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na macho yake yalizoea kupima chuma kabla ya kukikata.

"Kwa nini unaniambia hayo leo?"

Atuganile alifunga bomba.

"Umetoka kwenye kile kibanda," alisema mzee, "uso wako uko kama wa mtu aliyetumwa msibani. Sikia, mwanangu. Kama kuna kitu umekiona, usiniambie."

"Mzee..."

"Usiniambie. Wewe uliajiriwa baada ya miaka ya milango. Hukuiona."

Atuganile aliijua kwa kusimuliwa, kama kila mtu wa rika lake. Katika miaka ile milango ya viwanda ilikuwa na vihisi vilivyompima kila aliyepita: joto lake, mwendo wake, pumzi yake.

"Yusto, mdogo wangu, alikuwa na kifafa," alisema Mzee Kaduma. "Alikuwa nacho tangu utoto, na alichomelea vyuma miaka yote bila kuanguka hata siku moja. Mlango ukamwona. Unajua walimwita nani kwanza? Yeye mwenyewe. Walimkalisha, wakampa soda, wakamwambia kwa upole, ndugu, ni kwa faida yako, tunakujali. Akaondoka akiwashukuru. Alipokwenda kiwanda kingine, mlango wa huko ulikuwa umeshaambiwa. Na mwingine. Yusto hakufa kwa kifafa, Atu. Alikufa kwa kukaa."

Upepo ulipeperusha vumbi la uwanja. Mzee alikunja kola ya koti.

"Kila kitanzi kilianza na mtu mwema aliyetaka kumsaidia mtu," alisema. "Ndiyo maana niliandika, hata kwa mwenyewe. Nikasimama mbele ya watu nikawaambia wavumilie gharama yake. Sasa nisimame niseme gharama ni ya wengine, mimi nitolewe?"

Alinyanyuka, akashika ukuta kwa muda, akamwaga chai iliyobaki.

"Mungu anatosha kuniona," alisema, akarudi kazini.

*

Jioni ile Atuganile alipiga magoti kando ya kitanda chake, na maneno hayakuja. Alikuwa amezoea kuomba kwa kutaja: mtoto wake shuleni, mama yake huko Tukuyu, wagonjwa watakaopumua kupitia vali walizozitengeneza. Sasa kila alipomtaja Mzee Kaduma alijiuliza anaomba nini. Kwamba Mungu amponye mtu ambaye yeye amekatazwa kumwonya? Aliona ni kama kumwomba jirani akuzimie moto huku ndoo umeikalia.

Lakini upande wa pili nao ulikuwa na uzito wake. Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa ameombwa asikilize na akakataa, kwa akili zake timamu, kwa ajili ya watu wote wa ukumbi ule, na yeye Atuganile akiwa mmoja wao. Yeye ni nani hata amnyang'anye mtu hiari yake kwa jina la kumpenda?

Alikaa magotini mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishoni aliomba kitu kimoja tu, asije akajidanganya kuhusu sababu yake.

Asubuhi Injinia Shomari alikuwa tayari ukumbini kabla ya watu kukusanyika.

"Umepata jawabu?"

"Ni kelele mpya, injinia. Ameshindwa kuizoea."

"Si kuna kitufe cha kujifunza upya? Bonyeza wakati wa sala, tuendelee na kazi."

Watu waliunda duara. Ilikuwa zamu ya Mzee Kaduma kuomba. Atuganile, kama kawaida ya mkaguzi, alisimama ndani ya kibanda, mlango wazi, kidole juu ya kitufe. Mzee aliwashika wenzake mikono akaanza, kwa sauti ile ya shaba iliyomfanya kuwa mzee wa kanisa tangu ujana.

"Ee Mungu, utupe leo mikono isiyo na haraka na macho yasiyo na..."

Akanyamaza. Watu waliofumba macho walidhani amezidiwa na roho, mmoja aliguna, "Asante, Bwana." Atuganile hakuwa amefumba. Aliuona mstari ukilala, ukaendelea kulala, akamwona mzee akitikisika kidogo pale alipowashika wenzake mikono kushoto na kulia, kama nguzo ambayo ardhi yake imelowa. Kisha mstari ukarudi, na sauti nayo ikarudi.

"...na macho yasiyo na hila. Amina."

"Amina," waliitikia wote.

Atuganile aliondoa kidole. Hakuwa amebonyeza.

Alimfuata mzee nje, kwenye mabomba, kabla hajawasha mashine yake. Hakuzunguka.

"Mzee Kaduma, moyo wako unasimama. Nimeuona jana, nimeuona leo ulipokuwa unaomba. Unasimama, kisha unaanza tena. Siku moja hautaanza."

Mzee alishika ukuta.

"Nilikuomba usiniambie."

"Uliniomba. Nimeshindwa."

"Hukushindwa. Umeamua. Mtu aliyeshindwa hanifuati mpaka bombani."

"Nimeamua," alikubali Atuganile.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Mimi na aliyeuumba."

"Injinia?"

"Anadhani ni kelele."

Mzee Kaduma alivua kofia yake ya kazi, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Hasira ilikuwepo, Atuganile aliiona katika shingo yake. Lakini ilikuwa hasira ya mtu anayefikiri.

"Ukishaambiwa hurudi tena kutokuambiwa," alisema. "Hilo ndilo sikuliandika. Sasa nikikaa bila kwenda, ninajiua, na mimi ni mzee wa kanisa. Hospitali nitakwenda."

"Hilo tu ndilo nililotaka."

"Nikirudi nitakushtaki."

"Najua, mzee."

"Mbele ya wote. Sitakusitiri."

"Sijaomba unisitiri."

Akavaa kofia, akaenda getini kuomba ruhusa. Alimwambia mlinzi ana udhuru wa kifamilia. Ndani ya ukumbi, kwenye skrini, mstari wa kijani ulilala, na Shangazi akaanza kuzipokea vali moja baada ya nyingine.

"Umemfanya nini?" aliuliza Injinia Shomari akifurahi.

"Sijamfanya kitu," alisema Atuganile, na ilikuwa kweli.

*

Walimlaza, wakamwekea kifaa kidogo kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga, chenye betri, kinachougutua moyo kila unaposahau. Daktari alimwambia mkewe kwamba mtu mwenye mapengo yale kwa kawaida huletwa akiwa amefunikwa shuka. Mke alikuja kiwandani na ndizi mbivu kwenye beseni akamkabidhi Atuganile, na watu wakaanza kuulizana.

Kwa hiyo Mzee Kaduma aliporudi na kuitisha mkutano wa tawi, kantini ilijaa. Alisimama mbele, mkono wa kushoto ukiwa bado haujaruhusiwa kuinuka, akalisoma shtaka mwenyewe. Alisema mkaguzi Atuganile Sanga aliona mwili wa mfanyakazi, akaamka asubuhi akamwambia. Mfanyakazi huyo ni yeye.

"Je, ni kweli?"

"Ni kweli, mwenyekiti."

"Una la kujitetea?"

"Sina. Mlikiweka kifungu kwa sababu nzuri, na mimi nilikijua."

"Sasa tunamshtaki kwa kosa gani?" aliuliza Lutengano kutoka nyuma. "Kwamba mwenyekiti yuko hai?"

Watu walicheka, na Mzee Kaduma aliwaacha wacheke.

"Ndiyo, Lutengano. Kwamba niko hai kwa njia tuliyoikataza. Yusto naye alikuwa hai siku aliyoambiwa. Leo ni mimi, mwenyekiti, mna sababu ya kucheka. Kesho ni mfungaji wa maboksi mwenye kifua, na anayemwambia si Atu, ni mtu anayetaka nafasi yake impate shemeji yake. Kifungu hakijui nani ana moyo mwema. Hakina macho hayo."

Hapakuwa na kicheko tena. Alimgeukia Atuganile.

"Ningekuwa bado sijakwenda hospitali, ungesema tena?"

"Ningesema."

"Ukijua adhabu?"

"Ndiyo. Na ningejua pia kwamba nimekuvunjia heshima. Nimelibeba hilo. Sikupata la kuliondoa."

Kura zilipigwa kwa mikono, na wengi waliinua, taratibu, bila kumtazama. Atuganile aliondolewa kwenye ukaguzi, akapangiwa chumba cha kuoshea vali. Mzee Kaduma naye aliinua mkono wake mmoja uliokuwa unaweza.

Ndipo Injinia Shomari, aliyekuwa amekaa kimya pembeni kama mgeni, akauliza swali la kikazi. "Kibanda hakiwezi kukaa bila mtu. Nani anachukua nafasi?"

Kazi ya ukaguzi ilikuwa na mshahara mzuri na kiti. Walikuwepo watu zaidi ya wanne wenye cheti chake. Hakuna aliyeinua mkono.

"Lutengano," alisema mwenyekiti, "wewe umesomea."

"Mwenyekiti, mdomo wangu mnaujua. Nikiona moyo wa mtu umekaa vibaya, saa nne Makambako nzima inamwombea."

"Zubeda?"

Bi. Zubeda Mkumbukwa wa kitengo cha kufungasha, mama wa makamo asiyependa makuu, alisimama akikunja ncha ya khanga yake.

"Mimi kazi naiweza. Lakini niseme kweli, mzee. Nitakaa mle ndani kila siku nimeifumbata mioyo yenu. Mume wa fulani, baba wa watoto fulani. Nione, nikae kimya, kisha niitikie amina pamoja naye? Hapana. Mtafute mwenye kifua kipana."

Alikaa. Mzee Kaduma aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliinamisha uso. Alibaki amesimama kwa muda, mkono wake umeshika pale chini ya mtulinga, bila mwenyewe kujua.

"Basi nimeandika sheria ambayo hakuna mtu mwema anayeweza kuikalia kiti," alisema hatimaye. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mkerezaji anayeona amekata chuma kifupi. "Tukiwatoa watu wote nje wakati wa utulivu, Shangazi hatamjua mtu. Injinia, inawezekana?"

"Atatetemeka siku nzima mkiwa kazini. Labda tuweke mikeka minene ya mpira mbele ya kila mashine, mnaposimama."

"Na atakayefuata kuugua?" aliuliza mtu.

Upepo ulikuwa unagonga bati la kantini. Baadaye Bi. Zubeda alisema, bila kusimama safari hii, "Si kila mtu aulizwe mwenyewe?"

Walibishana mpaka kengele ya pili. Mwishowe walikubaliana: asubuhi mlango wa ukumbi ubaki wazi. Anayetaka Shangazi amjue asali ndani, na mkaguzi akiona jambo, atamwambia yeye peke yake, na kumwambia mwingine kutabaki kuwa kosa la kufukuzwa. Asiyetaka asali nje, na mkeka wa mpira utawekwa chini ya miguu yake kazini, mtetemo wake usimfikie Shangazi. Na asiulizwe kwa nini. Kwa sharti hilo Bi. Zubeda alikubali kukaa kwenye kiti.

*

Asubuhi iliyofuata watu walijipanga kwa aibu, kama waumini wanaogundua kwamba leo kuna milango miwili. Wengi walibaki ndani. Lutengano alibaki, akatangaza kwamba moyo wake ni wa simba na Shangazi ataona wivu.

Mzee Kaduma alitoka. Hakumtazama mtu, alipita mlangoni na kifaa chake kifuani, akaenda kusimama uwanjani, na wachache wakamfuata.

Atuganile alifika kizingitini amevaa aproni ya mpira ya chumba cha kuoshea. Hakuwa na shaka hata kidogo alipotoka nyumbani. Yeye, kuliko wote, alijua faida ya kukaa ndani. Kisha akamwona Bi. Zubeda ndani ya kioo, mama mwaminifu, akiinua macho kutoka kwenye skrini na kumtabasamia. Akasita. Alikuwa ameitazama mioyo ya wote hawa, na moyo wake mwenyewe ulikuwa umelala katika kumbukumbu ile siku zote pamoja na yao. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku angeona haya.

Alitoka nje.

Mzee Kaduma alimwona akija, akampisha nafasi kwenye duara dogo.

"Wewe tena?" alisema kwa sauti ya chini. "Unaogopa nini?"

"Siogopi, mzee. Nikiugua, nataka nianze mimi kujua."

"Na ukichelewa kujua?"

Atuganile alitazama nyuso zilizomzunguka, macho yakitoka machozi kwa baridi, na mikono iliyokuwa inatafutana.

"Nyie si mpo?"

Mzee Kaduma alimshika mkono, akafumba macho, na kuanza kuomba.